Kitambaa cha Dashibodi

Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Runinga ina kitambaa, friji ina kitambaa, makochi yana vitambaa mikononi na mgongoni, na hata jagi la maji lina chake, nimekishonea shanga pembeni kisipeperuke. Vyote nimefuma kwa mkono wangu. Kwa hiyo nilipopata gari, miaka mitatu kabla ya kustaafu ualimu, kitu cha kwanza nilicholifanyia ni kulifumia kitambaa cha dashibodi. Kilikuwa cheupe chenye ukingo wa buluu, na kilinila jioni za mwezi mzima.

Gari la marehemu mume wangu lilikuwa limepasuka dashibodi yote kwa jua, maana pale shuleni kwetu Bagamoyo magari ya walimu yanashinda juani kutwa. Safari hii nikajifanya mjanja. Nilikuwa na foili iliyobaki kwenye shughuli, ile karatasi ya kung'aa tunayofunikia masinia ya pilau. Nikaikunja mara mbili, nikaishonea chini ya kitambaa, ili jua likipiga lirudi lilikotoka. Nilijisifu sana kwa hilo. Nimefundisha jiografia miaka thelathini, nikaona jua haliwezi kunishinda akili.

Nayasema haya mapema kwa sababu sitaki msomaji ahangaike kumtafuta mwenye kosa. Mwenye kosa ni mimi. Ila ilinichukua karibu mwaka kulijua hilo, na mwaka wote huo kosa langu alilibeba mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa fundi umeme wa magari mwenye banda la mabati karibu na stendi. Alikuwa na umri wa kuwa mwanangu, ana mke na watoto wawili, mpole wa maneno. Gari lilikuja na redio ya Kijapani iliyokuwa ikinisemesha kila asubuhi mambo nisiyoyajua, nami nilitaka redio ya kioo kikubwa, inayoonyesha ramani na mshale wa kukuongoza njia. Akanifungia. Ramani zilikuwa humo humo ndani, hazikutaka bando. Antena yake ilikuwa kidude cheusi cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, akakibandika juu ya dashibodi kwenye kona karibu na kioo cha mbele. Akanieleza kwamba hicho ndicho kinachopokea habari za setilaiti, na kwamba lazima kione mbingu. Nikamjibu kwamba mambo hayo nawafundisha kidato cha pili. Akacheka, akasema basi leo amepata mkaguzi.

Nikarudi nyumbani, nikatandika kitambaa changu. Kile kidude kilikuwa kimekaa vibaya pale juu, kama kupe. Nikakifunika.

Wiki ile ile mshale ukaanza wazimu. Nilikuwa naenda Kaole kumwona shangazi yangu, niko kwenye barabara niijuayo tangu utotoni, na kile kioo kinaniambia niko baharini. Mara nikawa kwenye mikoko. Nikasimama kabisa, nikazima injini, na mshale ukaendelea kutembea peke yake kuelekea mashamba ya chumvi. Nilianza kutafuta sababu. Kwanza nikalaumu minazi. Nikalaumu mawingu. Nikalaumu kuta nene za majumba ya zamani kule Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo, ingawa mtaani kwangu hakuna hata jumba moja la zamani. Nikawa naizima redio na kuiwasha tena, na tena. Mtu mmoja akaniambia ni tinti ya vioo, nikaibandua tinti yote, nikabaki naungua jua kwenye gari langu mwenyewe. Mshale ukabaki baharini.

Basi nikalirudisha kwa fundi. Na hapa ndipo palipokuwa na mtego, nami mwenyewe ndiye niliyeutega. Kila nilipokwenda kwake nilikitoa kitambaa kwanza. Mikono ya mafundi ina grisi na kitambaa ni cheupe. Nilikikunja vizuri pamoja na foili yake, nikakitia mfukoni na kukificha kwenye buti. Nikifika bandani, mshale unasimama pale pale tulipo, umetulia. Fundi anaingia, tunazunguka mpaka ufukweni na kurudi, mshale unatufuata kila kona. Ananiambia, mwalimu, mbona inashika? Narudi nyumbani, natandika kitambaa, na kesho yake niko baharini tena.

Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu alifungua dashibodi nzima, akakagua kila waya, akakaa akafikiri. Kisha akauliza kwa adabu:

"Mwalimu, samahani. Hakuna kitu unachokiweka juu ya antena?"

"Kitu gani? Hakuna," nikamjibu, na nikamjibu kwa ukali, kwa kuwa niliona ananifanya mtoto.

Sikukusudia kusema uongo. Katika nyumba zetu kitambaa hakihesabiwi kuwa kitu. Ukiulizwa kuna nini juu ya friji, utasema hakuna kitu, na kitambaa kipo. Lakini najua pia kwamba sikujipa hata nafasi ya kufikiri. Aliuliza swali lile lile lililokuwa na jibu, na mimi nikasikia kiburi changu tu. Nikaondoka nikiwaza kwamba huyu anaichezea: kwake inafanya kazi, kwangu haifanyi, basi ana namna anayoifanya ili nirudi kila mara.

Kisha ukaja msiba. Asubuhi moja tukaletewa habari kwamba mama mzazi wa mwalimu mwenzetu amefariki Kerege na anazikwa adhuhuri. Mwalimu huyo ndiye rafiki yangu wa karibu kuliko wote pale shuleni, tumekaa meza moja miaka kumi na mbili. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Kwetu msiba ni pale nyumbani: kumwona maiti akishakoshwa na kuvishwa sanda, na kumshika mfiwa jeneza linapotolewa mlangoni. Ukilikosa hilo, umelikosa.

Nikawapakia walimu watatu. Nyumba yenyewe iko ndani, kwenye viwanja vipya ambako barabara zote ni za vumbi, zote zinafanana, na kila kona ni ukuta wa matofali ambao haujapigwa plasta. Mmoja akasema atuongoze kwa simu yake. Nikakataa. Mwingine akasema tusimame tuulize. Nikakataa na hilo. Nina kioo kikubwa kama daftari mbele yangu, niulize njia kama mgeni? Tukazunguka. Mshale ulikuwa unaruka kutoka mtaa hadi mtaa, nami naufuata. Mara mbili tulitokea kwenye duka moja. Tulipofika, wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza. Rafiki yangu alikuwa ameketi mkekani, akainua uso akaniona.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema.

Hakusema kwa lawama, na ndiyo maana ilinichoma. Nilikaa naye hadi alasiri nikimshika mkono, na kichwani mwangu hapakuwa na dua hata moja. Palikuwa na fundi.

Siku ya pili yake nikasimama katika ofisi ya walimu nikasema kwamba fundi wa pale stendi anachukua antena mpya za watu na kuwafungia za zamani. Sikuwa nimeiona antena mpya wala ya zamani. Kisha nikaandika kwenye kundi letu la simu, ambamo wamo walimu, wazazi na nusu ya mji: jamani, fundi yule ni mwizi, msimpelekee magari yenu. Watu wakaongezea yao. Mmoja akakumbuka betri yake iliyokufa, mwingine akakumbuka taa. Lisemwalo lipo, wakasema. Ujumbe ukatoka kundi letu ukaingia makundi mengine, na ulikuwa na jina langu la mwalimu, mtu asiyezoea kusema ovyo.

Fundi alinipigia mara moja, sikupokea. Akaniandikia kwamba nilete gari aliangalie tena. Nikausoma ujumbe wake, nikauacha. Baada ya miezi michache nikaona banda la stendi limefungwa kwa kufuli, nikasikia amehamia Msata, anafunga taa za malori, na mkewe na watoto wamebaki Bagamoyo. Nilijiambia kwamba mwizi hana mji. Ndivyo nilivyosema, na sina haja ya kuyapamba maneno hayo sasa.

Mwaka uliofuata nikajaaliwa safari ya hija. Nikaanza maandalizi: pasipoti, chanjo, darasa la mahujaji kila Jumamosi msikitini. Sheikh wetu alikuwa na jambo moja analolirudia hadi tukalikariri. Haki ya Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu anaisamehe. Haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe asamehe, hata ukitufu, ukaizunguka Al-Kaaba mpaka miguu ivimbe. Desturi yetu mtu anayekwenda hija anazunguka kwa jamaa na majirani kuomba radhi. Anasema, nisamehe niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Anajibiwa, nimekusamehe duniani na akhera. Ni maneno mazuri, nimeyasema na kuyajibu mara nyingi. Yana upungufu mmoja: hayamlazimishi mtu kutaja alichokosa.

Ilikuwa masika. Katika kusafisha nyumba kabla ya safari nikafua vitambaa vyote, na cha dashibodi kikiwemo. Nikaifumua foili, nikakianika kitambaa barazani, na kwa ile mvua kikakaa siku tatu bila kukauka. Siku tatu hizo mshale haukukosea hata mara moja. Mawingu yalikuwa meusi juu ya mji mzima na mvua inamwagika, na mshale uko pale pale nilipo.

Nilifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili nikaanza kuogopa. Siku ya tatu nikaketi ndani ya gari uani kwangu nikafanya kile ninachowafundisha wanafunzi: badili kitu kimoja, vingine viache. Nikatandaza foili na kitambaa juu ya antena, nikazunguka mtaa. Nikawa baharini. Nikavitoa, nikazunguka mtaa. Nikarudi nyumbani kwangu. Nilirudia mara nne, si kwa kuwa sikuwa na hakika. Nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Kisha nikaweka kichwa kwenye usukani. Fundi aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba kile kidude lazima kione mbingu, nami nilikuwa nimekifunika kwa foili kama sinia la pilau.

Ijumaa nzima sikula vizuri. Jumamosi nikaliacha darasa, nikaikazia foili kitambaani kama ilivyokuwa, nikakitia kitambaa mfukoni, nikaweka mfuko kiti cha nyuma, nikashika barabara ya Msata. Nia yangu ilikuwa kumwonyesha. Mshale ulinifikisha mpaka kwenye uwanja wa malori bila kuyumba, na kwa kweli ningeshukuru kama ungepotea.

Alikuwa amelala chini ya tela anafunga taa za nyuma. Aliponiona alitoka, akasema shikamoo mwalimu, nikaitikia marahaba. Akaninyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja, kwa kuwa kiganja kilikuwa na grisi. Nikakishika kile kifundo, na maneno yote niliyoyapanga njia nzima yakaniishia.

"Fundi, naenda hija," nikasema. "Nisamehe niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua."

"Nimekusamehe, mwalimu, duniani na akhera," akajibu hapo hapo. "Na wewe nisamehe kwa ule usumbufu wa gari."

Mlango ulikuwa wazi. Ilitosha niseme, hapana, ngoja, si wewe. Mfuko ulikuwa hatua tatu kutoka niliposimama.

"Nimekusamehe," nikasema.

Nilimsamehe. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile masikio yananiwaka. Akauliza kama ramani inashika siku hizi. Nikasema inashika kiasi. Akasema hapendi niondoke na kazi yake ikiwa mbovu, akafungua sanduku lake, akatoa antena mpya aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mteja mwingine. Akajikunja chini ya dashibodi kwenye joto lile karibu saa nzima, akaing'oa ile nzima akafunga nyingine nzima, na mimi nimesimama pembeni nimeshika mkoba. Alipokuwa anafunga parafujo ya mwisho alinieleza kwamba nyumbani anakwenda Ijumaa tu, na kwamba mtoto mdogo siku hizi humwamkia kama mgeni. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anapiga soga tu ili nisichoke kusimama.

Nikaondoka. Nilikwenda labda dakika ishirini. Mshale ulikuwa katikati ya barabara, na ule utulivu wake ukanishinda. Nikageuza.

Aliponiona nimerudi aliweka bisibisi chini. Akauliza kama imepotea tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Nikamwambia aingie akae. Alitaka kutandika gazeti kwenye kiti ili asikichafue, nikamwambia akae hivyo hivyo. Nikatoa kitambaa kwenye mfuko, nikakitandaza mahali pake, nikaendesha. Mwanzoni alitabasamu, akakisifu kitambaa. Tulipofika njia panda mshale ulikuwa umeshaacha lami na kuingia porini. Nikasimamisha gari, nikakitoa kitambaa, tukangoja kidogo. Mshale ukarudi barabarani.

Akainua pembe ya kitambaa kwa ncha za kucha mbili, akaiona foili.

"Kila ulipokuja kwangu ulikitoa," akasema.

"Nilikitoa."

"Kwa nini?"

"Nilihofia mikono yako."

Malori mawili yakapita. Aliitazama mikono yake, akaiweka magotini. Nikasema yote basi: kundi la simu, ofisi ya walimu, antena ambayo sikuwahi kuiona. Alikuwa anayajua yote, isipokuwa kwamba kulikuwa na kitambaa. Aliposema hakupandisha sauti.

"Mwalimu, ile radhi niliyokupa leo nirudishie. Nilikupa sijui natoa nini."

"Nimekurudishia," nikasema, ingawa sikujua vitu vya namna hiyo vinarudishwa vipi.

Akaniambia niende nikaseme pale nilipoyasema ya kwanza. Akishasikia, ataona. Kisha akashuka, akafunga mlango polepole ili usilie, akarudi kwa miguu kwenye uwanja wa malori.

Jioni ile nikaandika kwenye kundi. Niliandika marefu, nikaeleza kitambaa, foili na uongo, na kwa mazoea nikamaliza kwa kuomba msamaha. Majibu yakaja kwa wingi. Amin, mwalimu. Tumekusamehe sote, duniani na akhera. Hija njema, utuombee. Waliona neno radhi, wakajua ni ule ujumbe wa mahujaji, na hakuna aliyesoma. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Jumatatu wakati wa chai nikasimama katika ofisi ya walimu nimekishika kitambaa mkononi, foili imeangalia nje. Nikasema ni mimi. Nikaeleza moja baada ya jingine kama somo, na safari hii walisikia, maana hakuna aliyekunywa chai yake. Rafiki yangu aliyefiwa alikuwa meza yetu. Nilimgeukia nikasema kwamba siku ya mama yake ningeweza kufika mapema kama ningeuliza njia. Alikunja daftari alilokuwa anasahihisha. Akasema hilo alilijua siku ile ile, na akaniomba nikae. Baada ya hapo nikazunguka mmoja mmoja kwa kila niliyejua ana gari na alikuwa ameacha kumpelekea fundi. Nilisimama kwenye nyua za watu nikiwa na kitambaa changu kama mchuuzi. Wengine walicheka, mmoja aliniambia nimejidhalilisha bure, mambo yalikwisha. Hayakuwa yamekwisha, kufuli lilikuwa bado bandani.

Siku ya safari tulikuwa tumeketi uwanja wa ndege Dar es Salaam, sote na sare zetu za kikundi, tunangoja kuitwa, simu yangu ikaingia ujumbe wa fundi. "Shikamoo mwalimu. Banda la stendi nimelifungua tangu jana. Leo wamekuja wawili. Safari njema."

Niliusoma kuanzia mwanzo. Nikausoma tena polepole, nikilitafuta neno moja, halikuwamo. Mahujaji wenzangu walikuwa wanapigiana simu za mwisho na jamaa zao, wanasameheana kwa sauti. Nikaandika marahaba, nikafuta, nikaandika tena marahaba, maana salamu yake ndiyo pekee niliyokuwa na haki ya kuijibu. Ikaenda. Kisha wakatuambia tusimame, na nikaondoka bila radhi yake.